Kichwa, Mabega na Makro: Kusaka Ruwaza za Bei kwenye Soko la Hisa la Nairobi

Bei ya Safaricom ikipanda au kushuka siku chache mfululizo, makundi ya wawekezaji ya WhatsApp hujaa picha za chati zilizochorwa mistari ya rangi. Huyu ameona vilele viwili, yule ameona pembetatu, na mwingine amezungushia duara kichwa na mabega kisha akawatangazia wenye hisa wajiandae kuuza. Sina ugomvi na wachoraji hao. Ila ukiwauliza bega la kulia lilingane na la kushoto kwa kiasi gani ndipo liitwe bega, wengi hawana jibu, na wenye jibu hulibadilisha chati inapobadilika. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nianze kuandika makro za Excel, yaani programu fupi zinazoandikwa kwa lugha ya VBA ndani yake, za kuzitafuta ruwaza hizo. Makro haikubali neno "takribani" wala "karibu sawa". Kitu ambacho hujakieleza kwa namba haikioni kabisa, na kwangu ukaidi huo una faida kubwa kuliko kasi yake.

Maelezo ya namba ninayoyatumia si yangu. Mwaka 2000, Andrew Lo, Harry Mamaysky na Jiang Wang walichapisha utafiti uliozipima ruwaza 10 za chati kwenye hisa za Marekani za tangu mwaka 1962 hadi 1996, na kabla ya kupima chochote iliwabidi waseme kila ruwaza ni nini hasa. Kichwa na mabega, kwa mujibu wao, ni ncha tano zinazofuatana: kilele, bonde, kilele, bonde, kilele. Kilele cha katikati sharti kiwe juu kuliko viwili vya pembeni; hivyo viwili vya pembeni kila kimoja kisiachane na wastani wao kwa zaidi ya asilimia 1.5, na yale mabonde mawili, ambayo ukiyaunganisha unapata mstari wa shingo, nayo yasiachane na wastani wao kwa zaidi ya kiasi hicho hicho. Vilele viwili navyo vina sharti la ziada, kwamba vitenganishwe na angalau siku 22 za soko, yaani kama mwezi mzima wa kazi. Ukibadilisha vilele kuwa mabonde na mabonde kuwa vilele, unapata ruwaza zile zile zilizopinduliwa, ambazo wafuasi wa chati huzichukulia kuwa dalili ya kupanda.

Watafiti hao walizilainisha bei kwanza kwa mbinu ya kitakwimu ambayo huipa kila siku wastani wa siku za jirani, huku uzani ukipungua kadiri siku inavyokuwa mbali. Inawezekana kabisa kufanya hivyo ndani ya Excel, lakini kwa kuanzia natumia kanuni nyepesi zaidi: siku huhesabiwa kuwa kilele iwapo bei yake imezizidi bei za siku kadhaa zilizotangulia na haikupitwa na bei za siku kadhaa zilizofuata. Idadi hiyo ya siku naiita k, na mara nyingi naiweka 5, yaani juma moja la soko kila upande.

Function NiKilele(bei As Variant, i As Long, k As Long) As Boolean
    Dim j As Long
    NiKilele = False
    If i - k < 1 Or i + k > UBound(bei, 1) Then Exit Function
    For j = 1 To k
        If bei(i, 1) <= bei(i - j, 1) Then Exit Function
        If bei(i, 1) < bei(i + j, 1) Then Exit Function
    Next j
    NiKilele = True
End Function

Tazama alama mbili za ulinganisho zilizomo ndani ya kitanzi hicho (mistari iliyo kati ya For na Next), kwa maana hazifanani, na hazikuwekwa hivyo kwa bahati mbaya. Upande wa nyuma, siku iliyolingana na siku iliyoitangulia hukataliwa. Upande wa mbele, kulingana kunaruhusiwa. Matokeo yake ni kwamba bei ikifika juu na kukaa pale pale siku tatu, makro huihesabu siku ya kwanza peke yake kuwa kilele. Ukiweka alama ya ukali pande zote mbili, kilele hicho tambarare kitapotea chote. Ukilegeza pande zote mbili, kitahesabiwa mara tatu, na mfuatano wa ncha tano utavurugika. Kwenye soko la New York, ambako hisa kubwa haikosi kusogea kila siku, tofauti hii haionekani. Kwenye soko letu, ambako hisa nyingi hukaa juma zima na bei ile ile, jibu lote linaweza kutegemea alama hiyo moja.

Mambo mawili ya kiufundi nayataja kwa haraka. Bei zisomwe zote kwa mara moja kutoka kwenye lahakazi hadi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa sababu makro inayoigusa seli moja moja hukokota miguu mara tu data inapopita miaka michache. Na vihesabio viwe vya aina ya Long, yaani namba nzima kubwa, kwani aina ya Integer hugota kwenye 32,767 ilhali lahakazi ya Excel ina mistari 1,048,576.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lahajedwali hulificha kuliko programu nyingine yoyote. Excel hukuonyesha siku zote kwa pamoja, za jana na za mwaka uliopita, na makro inaweza kuchungulia mstari wa chini yake bila mtu yeyote kushtuka. Lakini kilele cha tarehe 10 hakikujulikana tarehe 10. Kilijulikana baada ya siku tano za soko kupita bila bei kukipita. Kwa hiyo bega la kulia linapokamilika kwenye kumbukumbu, mwekezaji aliyekuwa sokoni alikuwa bado anangoja. Yeyote anayeipima ruwaza kwa kununua au kuuza kwa bei ya siku ile ya kilele anajizawadia siku tano za kujua yajayo, na mkakati wowote utaonekana mzuri kwa namna hiyo. Lo na wenzake walilizingatia hili: dirisha lao, yaani kipande cha siku walichokikagua kwa mara moja, lilikuwa la siku 38, tatu za mwisho zikiwa zimetengwa kwa ajili ya ucheleweshaji huo. Makro yangu huandika tarehe mbili kwenye safu tofauti, tarehe ya ncha na tarehe ambayo ncha ilithibitika, na hesabu zote za faida husoma ya pili peke yake.

Data ndiyo iliyobeba uzito wa kazi yote hii. Tuanze na tarehe. Makro ikifungua faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) kwa amri ya Workbooks.Open bila kuongezewa Local:=True, tarehe husomwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia siku. Tarehe 3 Aprili inageuka kuwa tarehe 4 Machi, huku tarehe 13 Aprili, ambayo haiwezi kuwa mwezi wa kumi na tatu, ikibaki kama maandishi tu. Ukizipanga baada ya hapo, siku 12 za kwanza za kila mwezi hutawanyika kwenye miezi mingine, na chati inayotokea ina vilele na mabonde ya kutosha kumfurahisha mchoraji yeyote. Jingine la kuangalia kwa wanaotumia huduma za Google ni kwamba kifupisho cha NSE kule ni cha soko la hisa la taifa la India, si cha Nairobi.

Halafu kuna bei yenyewe. Bei ya kufunga siku katika Soko la Hisa la Nairobi si bei ya biashara ya mwisho, bali ni wastani wa bei za siku nzima uliopimwa kwa idadi ya hisa zilizouzwa. Anayetumia makro kutafuta ruwaza za mishumaa ya Kijapani, yaani michoro inayoonyesha bei ya kufungua, ya kufunga, ya juu na ya chini ya kila siku, anapaswa kutulia na kulifikiria hili kabla ya kuandika mstari hata mmoja. Maana yote ya mshumaa wa nyundo ni kwamba wauzaji waliisukuma bei chini sana, kisha wanunuzi wakairudisha juu kabla kengele haijalia. Lakini iwapo bei ya kufunga ni wastani wa siku, basi inazibeba pia zile biashara za chini, na haiwezi kukaa juu kabisa ya siku ila pale karibu biashara zote zilipofanyika huko huko juu. Makro iliyoandikwa kwa ajili ya masoko ya Ulaya itafanya kazi kwenye data ya Nairobi bila kulalamika, na itatoa orodha ya nyundo, lakini kinachoelezwa na nyundo hizo ni kitu kingine. Kwa sababu hiyo sitafuti mishumaa kabisa kwenye data hii. Ruwaza za majuma kadhaa, kama kichwa na mabega, haziathiriki sana, kwa kuwa wastani wa siku moja ni makadirio mazuri tu ya mahali bei ilipokuwa.

Gawio nalo lina hesabu yake. Gawio la mwisho la Safaricom la mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 lilikuwa senti 65 kwa hisa. Hisa ikiwa inauzwa shilingi 15, senti 65 ni zaidi ya asilimia 4, na siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio, bei ina sababu halali ya kushuka kwa kiasi hicho bila mwekezaji yeyote kubadili mawazo yake kuhusu kampuni. Sharti la mabega ni asilimia 1.5. Yaani tukio la kihasibu lililojulikana majuma kadhaa kabla linatosha kulivunja bega halali, au kulilinganisha bega ambalo halikulingana. Tiba yake ni kuzidisha bei zote za kabla ya siku hiyo kwa moja toa mgawanyo wa gawio kwa bei ya mwisho yenye haki ya gawio. Kwa mfano huu ni karibu 0.957. Mgawanyiko wa hisa ni mkali zaidi: mwaka 2009 Equity Bank iliigawa kila hisa moja kuwa hisa 10, na makro isiyoambiwa hivyo itaona anguko la asilimia 90. Kwa bahati nzuri kanuni za soko zinatusaidia kuyakamata makosa ya namna hii, kwa kuwa, ukiacha hali chache za pekee, bei ya Nairobi hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Makro yangu hupaka rangi nyekundu kila mstari unaoupita mpaka huo, nami hukagua kila mmoja kwa mkono kabla ya kuanza kutafuta ruwaza yoyote.

Asilimia 1.5 yenyewe pia inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwaka 2011 Safaricom ilikuwa ikiuzwa karibu na shilingi 3, na bei yake ilisogea kwa hatua za senti 5. Mabega ya 3.00 na 3.05 yana wastani wa 3.025, na kila moja limeachana na wastani huo kwa asilimia 0.83; yanapita. Mabega ya 3.00 na 3.10 yana wastani wa 3.05, na tofauti ni asilimia 1.64; yanakataliwa. Kwa hiyo sharti lile lilikuwa linaruhusu hatua moja tu ya bei. Muongo mmoja baadaye, mwaka 2021, hisa hiyo hiyo ilivuka shilingi 40, na sharti lile lile likawa linaruhusu mabega yaachane kwa shilingi 1.20, yaani hatua 24 za senti 5. Ukiyahesabu mabega ya miaka yote hiyo kwa kipimo kimoja na kusema kwamba ruwaza zimeongezeka, unachokipima ni ukubwa wa hatua ya bei. Mimi nimeamua kutumia kile kilicho kikubwa kati ya vitu viwili, asilimia 1.5 au hatua mbili za bei, na nakubali kwamba mtu mwingine mwenye akili timamu angeweza kuamua vingine. Ninachokipenda ni kwamba uamuzi huo umeandikwa kwenye seli moja juu ya lahakazi, ambako yeyote anaweza kuubadilisha na kuona matokeo yanavyotetereka.

Siku zisizo na biashara nazitoa zote. Mstari wenye idadi ya hisa zilizouzwa ya sifuri si bei. Ni bei ya jana iliyonakiliwa. Ukiziacha siku hizo, makro itagundua mistatili mizuri ajabu kwenye hisa ambazo hakuna aliyezigusa.

Baada ya usafi wote huo, makro hutoa orodha yake, na hapo ndipo swali lenyewe linapoanza: je, orodha hii ina maana? Mwaka 1959 Harry Roberts wa Chuo Kikuu cha Chicago alichora chati ya majuma 52 iliyotokana na namba za bahati nasibu tupu, na ikafanana mno na chati ya Dow Jones, faharasa ya hisa za Marekani, hadi kichwa na mabega vikaonekana. Lahajedwali hukuruhusu kurudia jaribio hilo kwa hisa uliyo nayo. Chukua mabadiliko ya kila siku ya bei, yachanganye kama karata, yaunganishe upya kuwa mfululizo wa bei, kisha upitishe makro ile ile. Mfululizo mpya una mipando na mishuko ile ile, na unaishia kwenye bei ile ile, lakini mpangilio wake hauna historia yoyote. Ukirudia mara elfu moja, utajua ni ruwaza ngapi bahati peke yake inaweza kukuletea. Anayelifanya jaribio hili kwa mara ya kwanza hukosa raha, kwa sababu mabega hujitokeza, vilele viwili hujitokeza, na ukizichapisha chati hizo bila jina huwezi kuzitenga na za kweli.

Kuna mtego mmoja ndani ya jaribio lenyewe, na unatokana na ile bei ya wastani niliyoieleza. Mwanauchumi Holbrook Working alionyesha mwaka 1960 kwamba ukichukua mfululizo wa bahati nasibu na kufanya wastani wa kila kipindi, mabadiliko kutoka wastani mmoja hadi unaofuata huanza kufuatana, uhusiano wao ukikaribia 0.25 (kwa kipimo ambacho 0 ni kutofuatana kabisa na 1 ni kufuatana kikamilifu), hata kama bei za ndani hazifuatani hata kidogo. Data ya Nairobi inabeba ufuatano huo kwa sababu ya namna bei inavyokokotolewa. Ukizichanganya siku moja moja, unauvunja, na mfululizo wa kweli utaonekana kuwa laini kuliko ule uliochanganywa. Ukiwa na haraka utasema umegundua saikolojia ya wawekezaji, kumbe umegundua kanuni ya soko. Ndiyo maana nachanganya mafungu ya siku tano tano badala ya siku moja moja, ili sehemu kubwa ya ufuatano wa karibu ibaki ndani ya kila fungu. Kwa kutumia mafungu, pengo kati ya data ya kweli na iliyochanganywa lilisinyaa sana kwenye hisa nilizozijaribu. Hata Lo na wenzake, ambao walikuta kwamba baadhi ya ruwaza zina taarifa fulani ndani yake, hasa kwenye hisa za soko la Nasdaq la Marekani, walitahadharisha kwamba hilo si sawa na kusema zinaleta faida.

Suala la faida halihitaji hata takwimu nyingi. Kwa mwekezaji mdogo wa Nairobi, kamisheni ya dalali pamoja na ada za soko zinaweza kukaribia asilimia 2 wakati wa kununua na nyingine kama hiyo wakati wa kuuza, hivyo ruwaza yoyote inaanza safari ikiwa na deni la karibu asilimia 4. Isitoshe, kichwa na mabega ni dalili ya kuuza, na sisi wadogo hatuna njia ya kawaida ya kuuza hisa tusizo nazo. Ruwaza hiyo maarufu, inayochorwa kuliko zote kwenye makundi yetu, inaweza kumsaidia tu yule aliyekwisha kuwa na hisa mkononi. Nimeiacha kwenye makro kwa ajili ya wenye hisa, lakini safu ninayoisoma kwanza ni ya ruwaza iliyopinduliwa, kwa masharti mawili ya ziada: hisa iwe imeuzwa kila siku ya dirisha zima, na idadi ya hisa zilizouzwa siku bei inapoukata mstari wa shingo izidi wastani wa siku 20 zilizopita. Masharti hayo yanaipunguza orodha ya Nairobi hadi kampuni chache zinazojulikana na kila mtu, Safaricom, Equity na KCB zikiwamo.

Wasomaji wanaotaka kuijaribu waandike wenyewe kuliko kuniomba faili. Tangu mwaka 2022 Excel ilianza kuzizuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na ni vizuri hivyo, kwani makro ya mtu usiyemjua inaweza kufanya mengi zaidi ya kutafuta mabega. Wasio na leseni ya Excel wanaweza kutumia Calc ya LibreOffice, ambayo ukiweka mstari wa Option VBASupport 1 juu ya moduli huelewa sehemu kubwa ya msimbo huu. Na kwa wanaofuatilia Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako hisa nyingi huuzwa kwa nadra zaidi, ningeshauri watumie bei za mwisho wa juma badala ya za kila siku, k ishuke hadi 2, na sharti la hisa kuuzwa kila siku libadilishwe kuwa kila juma.